Namna ya Kufuatilia Maisha na Kuzama kwa Skuna ya Mbao ya Ziwa Michigan

Mtu akitaka kuandika habari za chombo kilichozama, mara nyingi huanza na dhoruba, akasimulia kilio cha waliobaki pwani, kisha akaweka kalamu chini kabla hajaeleza chombo hicho kilikuwa kikifanya kazi gani miaka yote iliyotangulia. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Unaonyesha jinsi ya kuifuatilia skuna (aina ya merikebu ya matanga) ya mbao ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini tangu ilipotoka kwa waundaji hadi ilipolala chini ya maji, na jinsi ya kupima kila habari kabla ya kuiandika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani skuna ya milingoti mitatu iliyoitwa Rouse Simmons. Iliundwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1868, ikazama katika Ziwa Michigan tarehe 23 Novemba 1912 ikiwa imebeba miti ya Krismasi. Ilifanya kazi miaka 44 na ikapotea alasiri moja. Wengi wanaijua alasiri hiyo tu, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma kwa chombo na kwa mabaharia wote waliokitumikia kabla ya siku hiyo.

Anza na hati za forodha

Chombo cha biashara cha Marekani kiliandikishwa katika ofisi ya forodha ya bandari yake ya nyumbani. Hati ya uandikishaji ilitaja mahali na mwaka chombo kilipoundwa, vipimo vyake, idadi ya milingoti, umbo la omo (sehemu ya mbele) na la shetri (sehemu ya nyuma), jina la nahodha, na majina ya wenye mali pamoja na fungu la kila mmoja. Kila mara mmiliki, vipimo au bandari ya nyumbani vilipobadilika, hati ya zamani ilirudishwa na mpya ikatolewa, na karani akaandika juu ya ile ya zamani sababu ya kurudishwa. Kwa hiyo ukizipanga hati za chombo kimoja kwa tarehe, unapata mgongo wa maisha yake yote bila kutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote. Hati hizo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, katika kundi la nyaraka namba 41.

Kabla ya kutafuta jina, tafuta namba rasmi. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1860 kila chombo kilipewa namba yake, nayo ilichongwa kwenye boriti kuu ndani ya chombo chenyewe. Majina yalirudiwarudiwa katika maziwa, na chombo kingine kiliweza kubadilishwa jina baada ya kuuzwa, ilhali namba ilibaki ileile hadi mwisho. Ukipata namba hiyo, ilinganishe na orodha ya vyombo vya biashara ambayo serikali ilikuwa ikiichapisha kila mwaka. Mwaka ambao jina linatoweka katika orodha ni dalili ya kwanza ya wakati chombo kilipokoma kufanya kazi, ingawa orodha huweza kuchelewa.

Hapa wasomaji wengi hukosea juu ya neno tani. Tani iliyoandikwa katika hati hizi haielezi uzito wa chombo wala uzito wa shehena, bali ujazo wa nafasi iliyofungwa ndani yake, na kila futi za ujazo 100 huhesabiwa kuwa tani moja. Mwandishi anayeichukua tani ya forodha na kusema kwamba skuna ilikuwa na uzito huo, au kwamba ilizidishiwa mzigo kwa kuwa ilibeba zaidi ya tani hizo, amejenga hoja yake juu ya mchanga.

Mafungu ya umiliki nayo yana mengi ya kusema. Mwaka 1912 nahodha Herman Schuenemann, ambaye magazeti yalimwita mwenye Rouse Simmons, alikuwa na fungu moja tu katika manane. Nahodha Charles Nelson wa Chicago, aliyekufa pamoja naye, alikuwa na fungu jingine kama hilo, na mafungu sita yaliyobaki yalikuwa ya mfanyabiashara Mannes Bonner. Jambo hili dogo linabadilisha namna tunavyoiona safari ya mwisho, kwa kuwa mtu mwenye sehemu ya nane ya chombo kikuukuu, anayetafuta faida ya mwaka katika majuma machache kabla ya Krismasi, haamui mambo kama tajiri mwenye meli zake.

Kifahamu chombo kabla ya kukihukumu

Msomaji aliyezoea majahazi ya Lamu au ya Zanzibar ana mwanzo mzuri, lakini ana mambo machache ya kujifunza upya. Skuna haina foromali ndefu inayopandishwa na tanga la pembe tatu kama jahazi. Matanga yake makuu yana pembe nne, yamefungwa kwenye milingoti upande wa mbele, na hufuata urefu wa chombo badala ya kukikata kwa upana. Faida yake ni kwamba matanga hayo huongozwa na watu wachache waliosimama sitahani, nalo lilikuwa jambo la maana sana katika biashara ya mbao, ambapo faida ilikuwa ndogo na mshahara wa kila baharia ulihesabiwa. Rouse Simmons, yenye urefu wa futi 120 na ushei, yaani karibu mita 38, iliweza kuendeshwa na nahodha pamoja na mabaharia wasiofika kumi na wawili.

Skuna nyingi za maziwa ziliundwa na tumbo bapa lisiloingia sana majini, kwa sababu bandari nyingi zilikuwa midomo ya mito yenye mchanga. Ili chombo cha namna hiyo kisichukuliwe ubavu na upepo, kulikuwa na ubao mkubwa uliopita katikati ya ngama, yaani tumbo la chombo, ndani ya sanduku la mbao, nao uliteremshwa kupitia chini ya chombo katika maji yenye kina na kupandishwa bandarini. Ukisoma habari kwamba skuna ilivuja, kumbuka sanduku hilo, maana mahali lilipoungana na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, palikuwa pa kutiliwa mashaka kila chombo kilipozeeka.

Jambo la tatu ni uozo. Kwenye bahari ya chumvi adui mkubwa wa mbao ni mdudu wa majini anayeitoboa kutoka nje, na ndiyo maana majahazi yetu hupandishwa ufukweni na kupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Katika maziwa ya maji baridi mdudu huyo hayumo. Hata hivyo chumvi nayo haimo, na chumvi ndiyo inayozuia ukungu. Kwa hiyo chombo cha ziwani huoza kutoka juu na kutoka ndani, maji ya mvua yanapoingia katika maungio ya sitaha na kufika kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo. Ongeza barafu inayokwangua mbao kila mwanzo na mwisho wa majira, na kalafati, yaani nyuzi zinazoziba maungio ya mbao, inayolegea kila chombo kinapopinda katika mawimbi, nawe utaelewa kwa nini miaka 44 ni umri mkubwa sana kwa skuna ya mbao.

Kuhusu afya ya chombo katika mwaka fulani, ushahidi bora ni vitabu vya kampuni za bima. Wakaguzi wake walikipa kila chombo daraja, kuanzia A1 kushuka chini, pamoja na makadirio ya thamani yake kwa dola na kumbukumbu za matengenezo makubwa. Ukiandika madaraja hayo kwa kufuata miaka, utaona chombo kikishuka ngazi moja baada ya nyingine, na pengine kikipanda kidogo baada ya kutengenezwa. Huo ni ushahidi wa watu waliokuwa na fedha zao hatarini, na mimi huuamini kuliko maneno ya baada ya ajali, wakati kila mtu anadai alijua tangu zamani kwamba chombo kimeoza.

Fuatilia kazi ya kila siku

Sehemu hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, nayo ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Magazeti ya miji ya bandari yalichapisha kila siku safu ya vyombo vilivyoingia na vilivyotoka, na kwa kawaida yalitaja bandari kilikotoka chombo na shehena yake. Tengeneza daftari lenye tarehe, bandari ya kutoka, bandari ya kufika na shehena, kisha lijaze mstari kwa mstari. Magazeti mengi ya zamani yamewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge la Marekani, na Maktaba ya Umma ya Milwaukee ina mkusanyo mkubwa wa kumbukumbu za vyombo vya maziwa, uliopangwa chombo kwa chombo.

Daftari hilo likianza kujaa, maisha ya Rouse Simmons yanajieleza yenyewe. Ilipewa jina la mfanyabiashara wa mji wa Kenosha, Wisconsin. Baada ya miaka michache iliingia katika kundi la vyombo vya Charles Hackley, tajiri wa mbao wa Muskegon katika jimbo la Michigan, na kwa zaidi ya miaka 20 ilivusha mbao kutoka upande wa mashariki wa ziwa kwenda bandari za upande wa magharibi. Chicago, ambayo iliungua vibaya Oktoba 1871, ilijengwa upya na kupanuka kwa mbao zilizoletwa na vyombo kama hiki. Safari zilikuwa fupi na za kurudiarudia, kiasi kwamba wiki moja inafanana na nyingine. Usiziruke kwa sababu hiyo, kwani kufanana huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe: kupakia ubao kwa ubao kwa mkono, kuvuka ziwa, kupakua, na kurudi na chombo kitupu.

Angalia pia mapengo. Pengo la kuanzia Desemba hadi Aprili ni la kawaida, kwa sababu maziwa huganda na vyombo hufungwa bandarini. Pengo la mwezi mzima katikati ya Julai ni swali linalohitaji jibu. Huenda chombo kilipwelewa, yaani kilikwama kwenye maji machache, huenda kiligongana na kingine, huenda kilikuwa kwenye chelezo, mahali pa kutengenezea vyombo, kikipigwa kalafati. Katika mapengo kama hayo tafuta magazeti ya bandari za jirani, na tafuta ripoti ya ajali, kwa kuwa sheria ya mwaka 1874 iliwataka wenye vyombo au manahodha kutoa ripoti kwa ofisa wa forodha kila ajali kubwa ilipotokea.

Mwishoni mwa karne ya 19 misitu ya Michigan ilikuwa imekatwa karibu yote, reli na meli za mvuke zilikuwa zimechukua shehena nono, na skuna ziliachiwa mizigo ambayo haikuwa na haraka: magome ya miti, viazi, nguzo za ua, kuni. Hackley aliiuza Rouse Simmons mwaka 1898, na baadaye ikaingia mikononi mwa Bonner. Kazi ya kubeba miti ya Krismasi ilikuwa ya majuma machache tu mwishoni mwa kila mwaka, na Schuenemann aliifanya kwa vyombo vingine kabla ya hiki. Kwa hiyo usiiite skuna hii “Meli ya Miti ya Krismasi” unapoeleza miaka yake ya 1870, maana jina hilo ni la vuli zake za mwisho.

Jenga upya siku ya kuzama kwa saa, si kwa hisia

Fungua ukurasa mpya na uandike kila tukio pamoja na saa yake na jina la aliyeliandika. Chanzo cha kwanza ni madaftari ya vituo vya Idara ya Uokoaji wa Majini, ambayo yaliandikwa siku ileile na watu waliokuwa kazini, na ambayo yamehifadhiwa katika tawi la hifadhi ya taifa la Chicago. Magazeti yaje baadaye, na masimulizi ya miaka iliyofuata yaje mwisho kabisa.

Kwa Rouse Simmons mpangilio unakuwa hivi. Iliondoka Thompson, karibu na Manistique kaskazini mwa Ziwa Michigan, tarehe 22 Novemba 1912, ikielekea Chicago, safari ya zaidi ya kilomita 400. Shehena inakadiriwa kuwa miti kati ya 3,000 na 5,000, mingine ngamani na mingine imefungwa sitahani. Siku ya pili yake, saa 8:50 mchana kwa hesabu yetu ya Kiswahili, mlinzi wa zamu katika kituo cha Kewaunee, Wisconsin, aliona skuna mbali ziwani ikiwa na bendera nusu mlingoti, ishara ya kuomba msaada. Mkuu wa kituo, Nelson Craite, hakuwa na boti ya injini. Alitafuta tishari bandarini na kukuta limekwisha ondoka. Alipiga simu kituo cha Two Rivers, upande wa kusini, ambako mkuu wake George Sogge alipata habari saa 9:10 na kuitoa boti ya injini ndani ya dakika chache. Boti ilikwenda kuelekea mahali ambapo skuna ingepaswa kukutwa. Hawakuikuta. Mwanga wa Novemba ulikuwa ukiisha, theluji ilikuwa ikianguka, na waokoaji walitafuta hadi giza likawafunika.

Tazama jinsi mpangilio wa saa unavyozuia lawama ya haraka. Anayesimulia bila saa huweza kusema kwamba waokoaji walichelewa. Anayeziweka saa mezani anaona dakika 20 kati ya kuonekana kwa bendera na simu, anaona kituo kisicho na injini, na anaona skuna iliyokuwa ikisukumwa kusini na upepo wakati watu wakiitafuta njia ya kuifikia.

Baada ya saa, eleza sababu zinazowezekana, na uzieleze kama mambo ya kazi ya chombo. Miti mibichi iliyopangwa sitahani hushika theluji na maji yanayorushwa na mawimbi, na kila kinachoganda juu hupandisha uzito mahali pabaya, hata chombo kikawa kizito kuinuka. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama kuliko ya bahari kuu, kwa hiyo chombo hakipati nafasi ya kujitikisa maji kati ya wimbi na wimbi. Ongeza umri wa mbao na uwezekano wa kuvuja. Sababu hizi zinafanya kazi pamoja, na mwandishi anayechagua moja tu kwa sababu inasimulika vizuri hajafanya haki.

Pima masimulizi yaliyokuja baadaye

Chombo kikizama bila mtu kuokoka, maneno hujaa mahali pasipo na mashahidi. Inasimuliwa kwamba panya walionekana wakiikimbia Rouse Simmons kabla haijang'oa nanga, na kwamba barua iliokotwa ndani ya chupa. Usiyafute maneno hayo, kwani nayo ni sehemu ya historia ya watu waliofiwa, lakini liandikie kila moja tarehe lilipochapishwa kwa mara ya kwanza, na lisimuliwe chini ya tarehe hiyo. Neno lililotokea miaka 20 baada ya ajali linaeleza miaka 20 baadaye.

Idadi ya waliokufa inahitaji heshima ya pekee. Magazeti ya Desemba 1912 yalitoa idadi zinazopingana, kwa sababu mbali na mabaharia walikuwemo wakata miti waliopewa nafasi ya kurudi nyumbani. Toa kila idadi pamoja na chanzo chake, kisha uorodheshe majina moja moja na uonyeshe ni majina gani yanathibitishwa na zaidi ya chanzo kimoja. Ni kazi ya polepole, lakini jina la mtu aliyekufa majini bila kaburi halistahili kukadiriwa.

Vitu vilivyotolewa majini ni ushahidi wa daraja jingine. Miti ilinaswa katika nyavu za wavuvi kwa miaka mingi, na mwaka 1924 wavuvi wa Two Rivers walivua pochi ya Schuenemann ikiwa imefungwa katika kitambaa kisichopenya maji, karatasi zake zikiwa bado zinasomeka.

Soma mabaki

Mwaka 1971 mzamiaji Gordon Kent Bellrichard, aliyekuwa akiitafuta meli ya mvuke iitwayo Vernon, aliikuta Rouse Simmons kwenye kina cha karibu mita 50, upande wa kaskazini-mashariki mwa rasi ya Rawley, karibu na Two Rivers. Ilikuwa imekaa wima, na ngamani mlikuwa bado mna miti. Hiyo ndiyo zawadi ya maji baridi yasiyo na chumvi. Mwaka 2006 wataalamu wa mambo ya kale ya majini wa Jumuiya ya Historia ya Wisconsin walipima mabaki hayo, na mwaka uliofuata yakaingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria.

Unaposoma ramani ya mabaki, jiulize kila kitu kiko upande gani. Milingoti na minyororo ya Rouse Simmons imelala mbele ya omo, jambo linaloashiria kwamba chombo kilizama kwa kichwa. Gurudumu la usukani halikuwa hapo; lilinaswa katika nyavu mwaka 1999 mbali kidogo, upande wa kaskazini, nalo limevunjika. Kwa kuwa skuna ilikuwa ikienda kusini, gurudumu lililopatikana kaskazini linaonyesha kwamba lilipotea kwanza na chombo kikaendelea bila kuongozwa. Wapo wataalamu waliopendekeza kwamba boriti ya tanga la nyuma ilikatika ikalipiga gurudumu hilo. Hoja kama hiyo haipatikani katika gazeti lolote la 1912.

Kama wewe mwenyewe ni mzamiaji, usichukue kitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliweka mabaki yaliyotelekezwa chini ya majimbo, na tangu 2021 eneo hilo limo katika hifadhi ya taifa ya majini ya pwani ya Wisconsin. Nanga ilikwisha ondolewa zamani na imesimamishwa kwenye klabu ya mashua ya Milwaukee, na gurudumu limo katika jumba la makumbusho la uvuvi huko Two Rivers. Nenda ukavione huko. Piga picha, pima, na uandike, hasa kwa kuwa kome wageni walioingia katika maziwa wanazifunika mbao na kuzilemea mwaka hadi mwaka.

Fuatilia waliobaki pwani

Hati ya mwisho ya chombo ikisharudishwa forodhani, bado kuna daftari moja la kufungua. Orodha za wakazi wa miji, kumbukumbu za mazishi na safu za magazeti ya kila Desemba zitakuonyesha nini kiliwapata wajane na watoto. Herman Schuenemann alikuwa amekwisha kumpoteza kaka yake August katika skuna S. Thal, mwaka 1898, katika biashara hiyohiyo ya miti. Mjane wake Barbara, pamoja na binti zao Elsie na mapacha Hazel na Pearl, aliendelea kuwauzia watu wa Chicago miti kwa miaka mingi baada ya 1912. Alifariki mwaka 1933 na kuzikwa katika makaburi ya Acacia Park, Chicago. Jiwe la kaburi lina jina lake na jina la mumewe, na kati ya majina hayo umechongwa msonobari mmoja.